Muchezo wa Dimanshi Nane

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi, na shida ikaanza. Baba alikufa kwetu Rutshuru, miye nikiwa kalasi ya pili, na wajomba wakasema pesa ya masomo itatosha kwa vijana tu. Kesho yake niliwekwa kando ya barabara na beseni la maharagi. Sikulia. Nilipima. Mpaka leo sijaacha kupima.

Nasema hivi mapema ili mwenye kusoma ajue anasoma mutu gani. Nilijua hesabu kabla ya herufi. Kusoma kwa kweli nilijifunza nikiwa na miaka makumi tano, kwa kitabu cha nyimbo za kanisani, kidole chini ya kila neno. Haya ninayoandika hakuna mutu aliyeninyooshea.

Nataka kuandika juu ya tele, ile televisheni.

Watu wa rika langu wakiongea tele ya wakati wa Zaire wanataja mipira, hotuba na bendi kubwa. Hayo kila mutu anakumbuka. Miye nakumbuka vile vidogo vilivyoonekana juma mbili tatu, kisha vikafa bila mutu kuvililia. Kulikuwa na mama mumoja mwenye kufundisha kupika. Kila mara saa ilimuishia sufuria ikiwa haijachemuka, hatukuona hata siku moja chakula kikiiva, na juma la tano hakurudi. Kulikuwa na mashindano ya wanafunzi ya kujibu maswali. Kengele yao ilikuwa imekufa, basi mwenye kujua jibu alipiga meza kwa ngumi. Kulikuwa na mwanaume wa kaptula nyeupe aliyetufundisha kunyoosha viungo, peke yake mbele ya pazia, akihesabu kwa Kifaransa mpaka nane, kisha anarudia. Yule alikaa kama mwezi. Nilimuhurumia. Alikuwa anahesabu na hakuna wa kumuitikia.

Nikiuliza leo, hakuna anayevijua. Wenye kuvijua wamekufa, ao wamehama, ao walikuwa wanatazama na kusinzia. Mujukuu wangu wa Kampala alitafuta ndani ya simu nusu saa nzima.

"Koko, hakuna kitu. Uliota."

"Siwezi kuota kwa Kifaransa," nilimujibu, na nikakata simu.

Kati ya vyote hivyo kuna muchezo mumoja ambao sikuweza kuuacha. Ulikaa dimanshi nane tu, Jumapili nane. Dimanshi ya saba nilifukuza mutu nyumbani kwangu kwa sababu yake, na ni juu ya mutu yule ninaandika.

Tele ile niliinunua miye mwenyewe, miaka ya themanini ikielekea mwisho, kwa maharagi niliyokuwa nateremusha toka Rutshuru na Bunagana. Mume wangu alikuwa amekwisha kwenda zake kwa muke mwingine. Ilikuwa sanduku la mbao, picha nyeusi na nyeupe, ikila batri ya gari. Kwenye avenu yetu ya Majengo ilikuwa ya kwanza, na nilihakikisha kila mutu anajua kwamba ni ya kwanza.

Goma ni mawe. Ziwa unaliona pale, lakini maji kupanda mpaka kwetu ilikuwa kazi ya shingo. Basi niliweka sheria: mwenye kuja kutazama aje na bidoni ndogo ya maji, anaimwaga ndani ya pipa langu mulangoni, ndipo anaketi. Wengine walisema niko na roho ya jiwe. Walikuja na maji. Benchi tatu zikajaa, na sakafu ikajaa. Dimanshi jioni pipa lilikuwa linafurika na nyumba ilikuwa inanuka watu. Sijawahi kulala vizuri kama siku zile.

Kifaransa sikukijua, na wengi wetu hatukukijua. Nyumba ya tatu toka kwangu kulikuwa na mama wa upande wa Bukavu, Mukatoliki, mwalimu wa primeri. Mupole, mwembamba, sauti yake ndogo lakini unaisikia. Siku ya kwanza alikuja na bidoni yake kama wengine. Nilimuambia: "Mama mwalimu, weye hapana maji. Weye utatuambia wanasema nini." Alisema maji ataleta tu, sheria ni sheria. Nikamupatia kiti changu cha pekee chenye mugongo, nikakiweka kando ya tele. Alikaa pale sikio likielekea sanduku na uso ukielekea siye. Hakuwa anaona picha. Tele inasema, anangoja kidogo, anatupatia kwa Kiswahili.

Muchezo wenyewe ulikuwa wa mama tajiri, muuzaji wa chumvi, ambaye wote ndani ya muchezo walimuita Madamu. Alikuwa na nyumba ya ngazi, gari mbili, na watoto waliosoma. Alikuwa munene, hakuogopa mutu, na alifunga kitambaa cha kichwa na ncha mbili zikisimama kama masikio. Nilipomuona nilisema: huyu ni miye, wamenisahaulia tu gari.

Na maneno yake! Mama mwalimu alitupatia maneno ya Madamu moja moja. "Anasema, mali ya jasho haina haya." "Anasema, aliyelala njaa halingani na aliyesimuliwa njaa." Nilikuwa nayarudia sokoni juma nzima. Dimanshi ya tatu nami nilifunga kitambaa na masikio mawili. Vijana wa avenu wakaanza kuniita Madamu. Nikipita: "Madamu! Madamu, habari ya chumvi?" Niliitika. Niliitika kwa kichwa juu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kulikuwa na wasichana wawili wa sekondari, wenye kuketi benchi ya nyuma, na Kifaransa walikisikia. Wale walikuwa wanacheka mbele ya tafsiri. Madamu anasema, wao wanacheka. Mama mwalimu anatafsiri, na katika tafsiri hakuna kitu cha kuchekesha. Mara moja, nikasema utoto. Mara tano, nikaanza kuhesabu.

Dimanshi ya saba Madamu alipata barua. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda murefu, akatikisa kichwa kama mutu aliyeelewa. Wale wasichana walicheka mpaka mumoja akaanguka toka benchi. Miye niliangalia vizuri. Mama anasoma barua, basi. Cha kuchekesha ni nini? Kisha kijana wa Madamu akaingia, akasema naye maneno mingi, kwa kidole, na Madamu akaketi chini na kulia. Wasichana hawakucheka tena. Watu wote waligeuka kwa mama mwalimu.

Alitazama uso wangu. Kisha akasema: "Anasema amechoka."

Nilisimama. "Nani amechoka?"

"Kijana. Anasema amechoka."

"Mama mwalimu. Mutoto amesema tangu ile saa, mate inamutoka mu kinywa, na weye unatupatia neno mbili? Ingine unapeleka wapi?"

Watu wakacheka. Hilo lilinipa nguvu.

"Miye napima maharagi," nilisema. "Najua kopo yenye kujaa, na najua kopo yenye kidole gumba ndani. Uko unatuwekea kidole gumba!"

"Mama, Kifaransa ni lugha ya maneno mingi."

"Basi tupatie yote. Tumeleta maji, hatukuleta bidoni tupu."

"Siwezi."

"Huwezi ao hutaki?"

Alinitazama machoni. Uso wake sikuuelewa siku ile. "Sitaki," alisema.

"Basi toka mu nyumba yangu."

Alisimama, akakunja kitenge chake, akachukua bidoni yake tupu mulangoni, akaenda. Kiti kilibaki kinatuangalia.

Nieleze kosa langu, maana ni kosa la mutu wa soko. Nilizani maneno yanapimwa. Kopo moja ya Kifaransa lazima itoe kopo moja ya Kiswahili, na ikipungua, kuna mwizi. Nilikuwa na miaka makumi tatu na kitu, na hakuna mutu aliyewahi kunidanganya kwenye mizani. Nilikuwa na hakika kabisa.

Dimanshi ya nane nilimuweka mumoja wa wale wasichana kwenye kiti. Alitafsiri vibaya, anaruka, anacheka, anasahau. Watu wakagombana. Niliona kwa macho tu: Madamu ameketi mezani, kando yake kitoto kidogo cha kike, ile barua iko kati yao. Kitoto kinafungua kinywa. Kisha ikaisha.

Dimanshi ya tisa, saa kumi ya muchana, benchi zimejaa. Tele ikaonyesha bendi. Tukangoja. Bendi ikaendelea mpaka saa kumi na mbili. Juma lililofuata bendi tena. Hakuna aliyetuambia kitu. Muchezo ulikufa kama yule mwanaume wa kaptula. Watu walipungua, kisha wakaacha. Bendi unaweza kuisikia hata kwa redio ya nyumbani kwako, bila maji. Mwezi mumoja, pipa likaonekana chini. Nilikuwa naketi peke yangu mbele ya sanduku linaloimba, na kile kiti pembeni.

Mama mwalimu nilikutana naye njiani mara nyingi. Alinisalimia. Nilimuitikia kama mutu anayeitikia askari. Nilikuwa nangoja arudi aombe musamaha. Mume wake alihamishwa kazi, wakahama kartie, wakaenda mutaa mwingine. Mwaka 2002 moto wa mulima wa volkano ulishuka ukala avenu yetu nzima. Watu walikimbia na magodoro. Miye nilibeba tele kichwani, na kiti mukononi. Wengi walinicheka njiani kuelekea Gisenyi. "Mama, mulima unawaka, na weye unaenda kutazama filme?" Tele ilikufa mwaka uliofuata. Kiti kiko.

Nilijenga tena, juu ya mawe yale yale yaliyonichomea. Watoto walisoma wote, hilo niliapa. Mumoja Kampala, mumoja Kinshasa, mumoja Ulaya. Wananipigia simu siku ya Mungu.

Mwaka huu, kwenye kilio cha mama mumoja wa parokia, nilisikia mutu akisema: yule mwalimu muzee wa Majengo yuko Himbi kwa binti yake, macho yamekwisha, na juma lijalo wanamuvusha Bukavu kwa ndugu zake, maana binti anaondoka Goma. Nilirudi nyumbani. Sikula. Nilizani: huyu akivuka ziwa, hakuna tena duniani mutu aliyeona ule muchezo na miye. Na neno langu nililomutupia litakaa hivyo hivyo.

Musamaha sikufundishwa kuomba. Nilipima maharagi ya Rutshuru, yale mekundu, kopo kumi, na juu ya kila kopo matabishi, ile nyongeza ya mukono unayomupatia mutu ili arudi. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Himbi.

Alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Mudogo sana. Nilipomusalimia aligeuza sikio, vile vile kama zamani.

"Ni Mama Maharagi," alisema. "Hiyo sauti inaweza kuamusha mulima."

"Ni miye, mama mwalimu. Nimeleta maharagi."

"Kopo ngapi?"

"Kumi. Bila kidole gumba."

Alicheka mpaka akakohoa. Binti yake alitoka kuona kuna nini. Miye nilikuwa nasimama na gunia begani, na maneno yangu yote ya njiani yamepotea. Niliketi. Nikasema: "Ile siku nilikufukuza vibaya. Imenikaa tumboni miaka yote hii. Lakini niambie, ulikata maneno ao haukukata?"

"Nilikata."

"Ah! Unaona!"

"Nilikata kila dimanshi, toka ya kwanza."

Basi akaniambia. Madamu hakuwa mutu wa kuigwa. Madamu alikuwa mujinga wa muchezo. Walimuweka pale ili wenye kusoma wacheke mama wa soko mwenye pesa asiyejua herufi. Kila alichosema kilikuwa cha kuchekesha, kila kiti kizuri alikikalia vibaya, na ile barua aliishika kichwa chini.

"Kichwa chini?"

"Wale wasichana waliniambia yote hayo ya picha, njiani. Ulikuwa unaitazama na macho yote, mama, na haukuona."

Sikuona. Ningeona vipi? Maandishi kwangu wakati ule yalikuwa mchanga, huku na huku ni sawa.

"Na kijana wake alimuambia nini, ile siku ya neno mbili?"

"Unataka leo?"

"Miye nasoma sasa. Tupatie yote."

"Alimuambia: mama, nyumba yako ni kubwa, lakini kichwa yako ni depo tupu. Alimuambia: naona haya kutembea na weye. Nilizaliwa na gunia."

Moto wa haya ulinipanda mpaka kwenye kitambaa. Nikaona wale vijana wa avenu: Madamu, habari ya chumvi? Na miye naitika, kichwa juu, na masikio yangu mawili.

"Na yale maneno mazuri? Mali ya jasho haina haya?"

"Hayo yalikuwa yangu."

Miaka yote nilisema alipunguza kipimo. Kumbe alikuwa ananiongezea matabishi.

"Ungeniambia," nilisema.

"Mu nyumba yako? Mbele ya watu, kwenye kiti yako? Ule muchezo, mama, sikuuona hata siku moja. Niliusikia. Macho yangu yalikuwa kwa uso wako, nione kama umeelewa. Ningeona umeelewa, ningeanza kukohoa."

Nilikasirika. Kwa yule aliyeandika muchezo, kwanza. Popote alipo, hakuwahi kununua maharagi kwa pesa yake. Kisha kwangu. Nilimuuliza kitu nilichotaka kujua kupita vyote: uliisha vipi? Barua ilisema nini?

"Sijue. Kwetu tele haikuwako." Akapapasa gunia la maharagi. "Ile dimanshi ya nane nilisimama nyuma ya uzio wa lupango yako na bidoni yangu. Nilisikia yule musichana anavyoharibu tafsiri. Madamu aliomba kitoto amusomee barua. Alisema, polepole, nifuate. Kisha kamioni ikapita, sikusikia tena."

"Mbona haukuingia?"

"Haukuniita."

Binti alileta chai. Miye niliona kitoto kinafungua kinywa na sikuelewa neno. Yeye alisikia ombi na hakuona kitu. Tukiweka vyetu pamoja bado barua haisomwi.

Siku ya boti nilienda bandarini mapema, na kile kiti. Nilizani atakibeba. Binti yake alisema kwa heshima: "Mama, mizigo imekwisha jaa, kiti hapana." Basi tulimuketisha hapo hapo, kati ya magunia na mabidoni, boti ikingojewa. Alikaa saa moja nzima, sikio kwa ziwa, uso kwa watu. Mwanaume wa bandari akaanza kupiga kelele kwa Kifaransa kwa ile paipu ya sauti, muda murefu, na hasira nyingi.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema wazee watangulie."

"Amesema maneno mingi kupita hayo."

"Mengine hayakufai," alisema, na akanishika mukono.

Walimuinua. Alipanda kati ya binti yake na kijana mumoja wa boti. Hakugeuka, angeona nini? Nilibaki pale mpaka boti ikawa doa, kisha nikakodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, nikakipandisha kiti juu ya zile mbao, na nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani. Watu waliniangalia. Kitambaa sikufunga na masikio mawili. Siku hizi nafunga moja.

Leo niko na haya: parsele moja, kiwanja changu, yenye karatasi, na karatasi nazisoma mwenyewe. Nyumba ya mabanzi ya vyumba vinne, kimoja ninalala. Depo moja, na ndani yake maharagi. Kopo mbili za kupimia. Pipa moja la zamani, na bomba la maji mulangoni, kwa hiyo pipa ni kavu. Tele bapa ya rangi, ya ukutani, yenye michezo mia ambayo sifuati hata mumoja. Benchi tatu. Kiti kimoja chenye mugongo, kando ya tele, kimeelekea benchi.